Mguu ukiteguka tunauona, moyo je?

Mazungumzo ya kocha mmoja wa timu ya vijana na wanafunzi wa sekondari wanaocheza katika klabu za Kariakoo, Gerezani na Feri. Tumeyachapa kama alivyoyasema, pamoja na maswali aliyoulizwa na majibu yake.

Wanangu, mambo?

Nimesikia wote mmejibu "poa". Hata wale wa nyuma kule wamejibu poa. Sasa hiyo poa ndiyo iliyonileta leo. Vijana wakikusanyika wengi namna hii, wamo ambao jana usiku hawakupata usingizi, wamo waliojikokota tu kufika hapa, na wamo waliokwisha kusahau mara ya mwisho walicheka lini. Lakini wakiulizwa, poa! Neno linatoka lenyewe, mtu hata hajajisikiliza.

Mimi si daktari, na hilo naomba lieleweke mapema. Zamani nilikuwa kipa wa timu za mchangani. Siku hizi mchana nina shughuli zangu Kariakoo kama watu wengine, na jioni ninafundisha vijana mpira. Haya nitakayosema nimeyasoma, nimeyauliza kwa wataalamu wa hospitali, na mengine nimejifunza kwa kukosea. Nitaanza na kosa lenyewe.

BARAFU YA FERI

Twende kwanza uwanjani, maana huko tunaelewana. Mchezaji akianguka akashika kifundo cha mguu, kinatokea nini? Mchezo unasimama. Hata timu pinzani inautoa mpira nje. Mmoja anakimbilia maji, mwingine anamvua daluga, wa tatu anampa bega ili atoke. Timu yetu ina vijana wawili wanaoshinda Feri, sokoni kwa samaki, kwa hiyo barafu haikosekani. Tunaifunga kwenye kitambaa, tunamwekea mguuni. Hakuna anayemwambia "acha uvivu, simama". Hakuna anayemwuliza amemkosea nani mpaka akateguka. Akikaa nje wiki tatu, jezi yake inamngoja.

Sasa niambieni: mchezaji akija na miguu mizima, lakini kichwani ameelemewa na moyo umemfa ganzi, tunamfanyia nini? Tunampigia kelele. "Wewe vipi leo? Umelogwa? Toka, aingie mwingine!" Ameteguka kwa ndani, nasi tunamkanyaga palepale.

Najua, kwa sababu mimi nilimkanyaga mtu.

WINGA WETU

Jina lake silitaji, na mambo mawili matatu nimeyabadili ili asitambulike. Mwenyewe ameniruhusu nisimulie. Tumwite Winga, kwa sababu ndiyo namba aliyokuwa akicheza.

Alikuwa kidato cha tatu. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Saa kumi alfajiri yuko Feri anapara samaki wa wateja, apate nauli na chochote cha kupeleka nyumbani. Saa moja yuko darasani. Saa kumi jioni yuko kwangu mazoezini. Hayo yote niliyajua, na kwangu mimi zilikuwa sifa. Nilikuwa nawaambia wenzake: mwoneni huyu, kijana mpiganaji!

Kisha akaanza kubadilika. Alikuwa mtani mkubwa, akanyamaza. Akawa anachelewa. Akipewa pasi, mpira unampita huku anautazama. Mara kagombana na mwenzake kwa jambo lisilo na kichwa wala miguu. Akakonda. Wenzake wakimtania kwamba ananuka samaki, hajibu neno, yeye ambaye zamani angewarudishia kumi.

Siku moja tukafungwa kwa kosa lake. Mbele ya timu nzima, na mbele ya mashabiki wa kijiweni, nikamwambia: "Kama umeuchoka mpira kaa nyumbani, usitupotezee muda." Nikamwamuru azunguke uwanja mara kumi. Alizunguka zote kumi, akachukua mfuko wake, akaenda zake. Nikadhani nimemfunza adabu.

Wiki hiyo hakuonekana, wala wiki ya pili. Nami sikumfuata. Nikasema moyoni: akinuna, anunue.

Aliyetuokoa sote ni mtoto mdogo kuliko wote katika timu, wa darasa la saba, kazi yake kubeba jezi. Alikuja kwangu ameshika daluga. Akasema, "Kocha, kaka Winga kanipa hizi. Kasema hazihitaji tena. Na redio yake kampa mdogo wake." Mtoto hakuwa na furaha ya kupewa viatu. Alikuwa na hofu. Akaongeza, "Hizi hazinitoshi, kocha. Na yeye anajua hazinitoshi."

Zile daluga Winga alizidunduliza miezi kadhaa, akazinunua mitumbani Mchikichini. Ndipo na mimi nilipoingiwa na baridi.

Usiku uleule nikaenda kwao. Nikamkuta amekaa barazani peke yake. "Shikamoo kocha." "Marahaba." Kimya. Nikajaribu kuzungumza habari za mpira, hakuna kitu. Mwisho nikaacha kuzunguka. Nikamwambia: "Mwanangu, siku ile nilikukosea, naomba unisamehe. Nimesikia unagawa vitu vyako, na nina wasiwasi. Je, unafikiria kufa?"

Alikaa muda mrefu. Kisha akasema, "Ndiyo, kocha. Nimechoka." Akalia. Nikakaa naye palepale.

Sikuwa na maneno ya busara. Lakini nashukuru kuna maneno sikuyasema. Sikumwambia "mwanaume halii". Sikumwambia "wenzako wana shida kuliko wewe". Tulimwita mama yake na mjomba wake, na usiku ule hakuachwa peke yake hata kidogo. Asubuhi tukamsindikiza hospitali. Huko wakatuambia ana ugonjwa wa sonona, na kwamba unatibika.

Wanangu, sitaki kuwadanganya. Hakupona kwa siku moja. Alihudhuria kliniki miezi mingi, na kuna wiki alizorudi nyuma, tukadhani tumeanza upya. Lakini kidato cha nne alikimaliza. Leo ana kazi yake, na Jumapili anakuja kunisaidia kufundisha watoto wadogo.

Mtoto wa darasa la saba aliona kile ambacho kocha mzima sikukiona. Ndiyo maana nazungumza nanyi, wala sizungumzi na makocha peke yao.

KIDONGO CHEKUNDU MBILI

Wengi wenu mnacheza Kidongo Chekundu, pale Gerezani, ambapo tangu mwaka 2015 pana viwanja vya vijana vyenye jina la Jakaya Kikwete. Hapa Dar ukisema "naenda Kidongo Chekundu", mtu anajua unakwenda mazoezini. Panda boti uende Unguja, useme maneno hayohayo, utaangaliwa mara mbili. Kidongo Chekundu ya kule ni hospitali ya magonjwa ya akili.

Jina ni moja. Huku tunalitaja kwa raha, kule mtu analitaja kwa kunong'ona. Na sisi wa bara tusijione wema, tuna Mirembe, ile hospitali ya Dodoma. "Huyu wa kupeleka Mirembe!" Tunacheka. Yule mgonjwa aliye kati yetu naye anacheka, asije akajulikana. Na siku hiyohiyo anaamua kwamba hatamwambia mtu.

Sasa sikilizeni hesabu. Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Timu yenye wachezaji 11 na 3 wa akiba ni watu 14. Kwa hesabu hiyo ni wawili. Huo ni wastani wa dunia, timu yako inaweza kuwa na mmoja au wanne. Lakini usiseme kwenu hakuna.

Kwa nini mtu anaugua? Sababu huwa nyingi kwa pamoja: jinsi ubongo na mwili vinavyofanya kazi, kurithi katika ukoo, msiba, ufukara, kupigwa, kudhalilishwa, pombe, bangi na dawa za kulevya. Si laana. Si uvivu. Wala si upungufu wa imani. Mtu mwenye malaria anasali, na dawa anameza. Hata huku ni hivyohivyo.

Tusichanganye pia. Kila mtu huhuzunika. Umefiwa, umefeli, umeachwa na mpenzi: utalia, utakosa hamu ya kula siku mbili tatu. Huo si ugonjwa. Lakini dalili kama hizi zikidumu kiasi cha wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, tafuta msaada:

– Huzuni au hasira isiyoisha, hata kwa mambo madogo.
– Kukosa raha katika yale uliyoyapenda, mpira ukiwemo.
– Kukosa usingizi, au kulala kupita kiasi.
– Kupoteza hamu ya kula, au kula ovyo.
– Uchovu usiolingana na kazi uliyofanya.
– Kushindwa kutuliza mawazo darasani na uwanjani.
– Kujiona hufai, mzigo kwa watu.

Na hizi hazingoji wiki 2, hazingoji hata kesho: mtu anapozungumzia kufa, anapoaga kwa namna isiyo ya kawaida, anapogawa vitu anavyovipenda, anapojiumiza, au anaposikia sauti na kuona mambo ambayo wengine hawayaoni. Hapo msaada ni siku hiyohiyo.

MPIRA NI DAWA, LAKINI UNAWEZA KUWA SUMU

Mtaniuliza: kocha, si tunaambiwa mazoezi yanaondoa mawazo? Kweli kabisa. Mwili ukifanya kazi, usingizi unakuja vizuri, hofu inapungua, moyo unachangamka. Wataalamu wanashauri vijana wa umri wenu wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Zaidi ya hapo, klabu inakupa watu. Kuna mtu anayejua jina lako na kuona kwamba leo hukuja. Kwa mji wenye msongamano kama huu wetu, hilo si jambo dogo.

Lakini klabu hiyohiyo inaweza kumwumiza mtu. Kocha anayetukana. Wenzako wanaokupa jina la kejeli mpaka unalichukia jina lako halisi. Mashabiki wanaokufuata hadi mlangoni kwenu kwa sababu ulikosa penalti na mikeka yao ikachanika. Msichana anayeambiwa amenenepa, au anayeombwa mambo machafu ili apangwe. Na yule anayelazimishwa kucheza ameumia. Hapo mazoezi hayaponyi mtu.

Tena tumefundishwa vibaya maana ya ujasiri. Wote mnamjua John Stephen Akhwari. Mwaka 1968, katika Olimpiki za Mexico, alianguka katikati ya mbio za marathoni akaumia goti na bega. Alimaliza wa mwisho, wa 57, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Tunamtaja kila mara kusema: usikate tamaa! Sawa. Lakini tazameni tena zile picha. Mguu wake umefungwa bandeji. Maana yake kuna watu walimhudumia njiani, naye akakubali kuhudumiwa, ndipo akaendelea. Hiyo bandeji hatuisimulii.

Halafu yuko Simone Biles wa Marekani, bingwa wa sarakasi za viwanjani. Katika Olimpiki za Tokyo, zilizofanyika mwaka 2021, alijitoa kwenye fainali ya timu. Akasema wazi kwamba akili yake haiko sawa, na kwamba akiruka hivyohivyo anaweza kuvunjika. Wako waliomwita mwoga. Mwaka 2024 akarudi Olimpiki za Paris akachukua medali 3 za dhahabu. Mmoja aliendelea, mwingine alisimama. Wote wawili walikubali kwamba wameumia, na wote wawili walihudumiwa.

BENCHI LA HARARE

Nije kwenye benchi. Kwetu benchi ni adhabu, si ndiyo? "Leo nakuweka benchi!" Sasa nchini Zimbabwe kuna benchi ambalo ni dawa.

Daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, mwaka 2006 alikuwa na wagonjwa wengi na wataalamu wachache mno. Alichonacho ni bibi 14 wa mtaa wa Mbare, mjini Harare, waliokuwa wakijitolea kazi za afya. Akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo. Wakawekewa mabenchi ya mbao nje ya zahanati, chini ya miti. Mtu anakaa na bibi, anazungumza. Wala bibi hawatumii majina ya kitaalamu. Wanatumia neno lao la Kishona, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Sisi tungesema "ana mawazo".

Je, linafanya kazi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwalinganisha watu zaidi ya 500. Baada ya miezi 6, waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache sana kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mwendo huo umeenea nchi nyingine, na Zanzibar imo.

Angalieni jambo moja: wale bibi walifundishwa, na mgonjwa aliyezidiwa walimpeleka kwa daktari. Nanyi siwaambii muwe madaktari. Nawaambia benchi mnalo tayari, pembeni ya uwanja. Kazi yenu ina hatua nne.

1. ONA. Nani amebadilika? Nani hajaja mara mbili?

2. ULIZA. Mkiwa wawili, pembeni, bila mzaha. Usiulize "mambo?" maana utajibiwa poa. Sema ulichokiona: "Siku hizi umenyamaza, hata chandimu huchezi. Kuna nini, mshikaji?"

3. SIKILIZA. Funga mdomo, weka simu mfukoni. Usihubiri, usicheke, usilinganishe shida zake na zako. Sema tu: pole, endelea, niko hapa.

4. SINDIKIZA. Usimwambie "nenda kamwone mtu". Mwenye huzuni kubwa hana nguvu hata ya kuvaa viatu. Sema: "Twende wote."

Na hiki mkishike: rafiki akikwambia anataka kufa, hiyo ni siri usiyoruhusiwa kuitunza. Mwambie mtu mzima siku hiyohiyo, wala usimwache peke yake. Anaweza kukununia. Afadhali akununie yuko hai.

TWENDE WAPI?

Mtu mzima wa kwanza ni yule unayemwamini: mzazi, shangazi, mjomba, mwalimu wa ushauri shuleni, mlezi wa klabu, shehe au padri anayejua kusikiliza. Wa kwanza akikupuuza, nenda kwa wa pili. Usiishie hapo.

Zahanati au kituo cha afya cha jirani wanaweza kukuanzia na kukuandikia rufaa. Juu yake zipo hospitali za rufaa za mkoa: Amana, Temeke na Mwananyamala. Na Muhimbili kuna idara ya afya ya akili. Huko utaulizwa maswali mengi: unalalaje, unakula nini, nyumbani kukoje. Usione haya. Matibabu yanaweza kuwa mazungumzo, yanaweza kuwa dawa, au vyote viwili. Dawa za sonona nyingi huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu, kwa hiyo mtu asiziache siku ya tatu akisema hazifai, wala asiziache ghafla bila kumwuliza daktari.

Ukiwa huna pa kuanzia, piga namba 116. Ni ya bure, ni huduma ya simu kwa mtoto, na mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, hata kama ndevu zimeshaota. Mambo ya kupigwa au kudhalilishwa yapeleke pia polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.

Na kama kuna jirani anayeshauri mgonjwa afungwe kamba, achapwe ili jini litoke, au anyimwe chakula: kataeni. Huko ni kumwongezea maumivu.

KARATASI ZA MASWALI

Mwalimu wenu aliweka sanduku, mkatumbukiza karatasi bila majina. Nimechagua tatu.

"Nikimwuliza mtu kama anafikiria kufa, si nitamtia wazo ambalo hakuwa nalo?" Hapana. Hata mimi niliogopa hivyo, ndiyo maana nilizunguka nusu saa na habari za mpira. Utafiti umeonyesha kwamba kuuliza waziwazi na kwa upole hakumtii mtu wazo hilo. Mara nyingi anapata ahueni, kwa kuwa hatimaye kuna mtu aliyethubutu kulitaja. Mkiwa wanafunzi, uliza, kisha mwite mtu mzima.

"Mimi ni mchezaji wa netiboli. Kuna mtu klabuni ananishika bila ridhaa yangu, na anasema nikisema nitatolewa kwenye timu. Nalia kila usiku. Je, mimi ni mgonjwa?" Mwanangu, popote ulipo hapa, nisikilize. Kosa si lako, ni la huyo mtu, na anachofanya ni jinai. Kulia kwako si wazimu, ni alama kwamba umeumizwa. Mwambie mama, mwalimu wa kike, au 116. Nafasi ya timu haina thamani hiyo. Nanyi wengine: mwenzenu akiwaeleza jambo kama hili, neno la kwanza liwe "nakuamini".

"Sisi wavulana tukilia tutaonekana wasichana. Tufanyeje?" Ee, hili nalipenda. Siku timu yenu iliposhushwa daraja mlilia uwanja mzima na hakuna aliyechekwa! Mbona machozi ya mpira ni halali, na ya baba kufa ni haramu? Anza wewe, kepteni. Siku ukisema "jamani, mimi wiki hii sipo sawa", utashangaa wangapi watasema "hata mimi".

KLABU YENU IFANYE NINI?

Klabu kusaidia watu si jambo geni lililotoka ng'ambo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936. Mmoja yuko Jangwani, mwingine Msimbazi, wote ni watoto wa Kariakoo hii. Tangu zamani wanachama walikaa barazani kwa kahawa na maneno, wakachangiana kwenye misiba na harusi. Mtu akikosekana barazani, aliulizwa yuko wapi. Hilo ndilo tulilolisahau tulipobaki na matokeo tu.

Jirani zetu wa Nairobi wanatufundisha jambo jingine. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianza mwaka 1987. Huko timu hupata pointi za ligi kwa kufanya usafi mtaani, mbali na pointi za uwanjani. Yaani walikaa wakaamua: kitu tunachokijali, tukihesabu. Nasi tunaweza kuhesabu mambo ya moyo. Nimewaletea manne, hayana gharama:

Kwanza, dakika 5 za duara kabla ya kupasha misuli. Kila mtu anasema kwa vidole, kimoja hadi vitano, yukoje leo. Kimoja au viwili, mtu anamfuata pembeni baada ya mazoezi. Asiyetaka kuonyesha, asilazimishwe.

Pili, muwe na walezi wawili, mwanamume na mwanamke, ambao mchezaji yeyote anaweza kuwaendea. Namba ya 116 iandikwe ndani ya sanduku la huduma ya kwanza, pamoja na bandeji.

Tatu, kanuni ya kocha na mashabiki: kosoa mchezo, usitukane mtu. Na adhabu ya kuzungushwa uwanja mbele za watu, hiyo nimeifuta mimi mwenyewe.

Nne, kanuni ya mara mbili. Mchezaji akikosa mazoezi mara mbili, mtu anakwenda kwao. Haendi kumkaripia. Anakwenda kusema, "Tumekukosa."

Hiyo ya nne ningekuwa nayo mwaka ule, Winga asingekaa barazani peke yake wiki mbili.

Mtauliza zile daluga ziko wapi. Yule mdogo alizirudisha. Alizisafisha kwanza, akazipitisha mafuta, akaziacha mlangoni kwao Winga, hakugonga hodi. Winga anasema alizikuta asubuhi alipokuwa anatoka kwenda kliniki, na kwamba hakuzivaa mpaka mwezi wa nne. Lakini alizihifadhi chini ya kitanda, na kila siku alikuwa anaziona.

Basi wanangu, sitaki makofi. Mgeukie aliye kulia kwako, umwulize yukoje. Akisema poa, mwulize tena.

Haya, kapasheni misuli.